Kidonda Kisichoonekana: Watoto Wadogo na Misiba ya Mji Wetu

Mara nyingi msiba ukiingia nyumbani twasikia watu wazima wakisema: "Huyu bado mdogo, hajui kitu. Atasahau." Basi wakubwa hukaa kilio, hulia pamoja, hufarijiana, huimba usiku kucha, na yule mdogo hupewa jirani amshike, kana kwamba msiba umempita pembeni. Akinyamaza, watu husema: "Tazameni, ametulia." Akilia usiku, husema: "Ni tumbo tu."

Neno hilo, "atasahau", ndilo tunalotaka kulichungua leo. Je, ni kweli kwamba mtoto mchanga hana kumbukumbu ya hofu? Na kama si kweli, ni nani aliyegundua, kwa njia gani, na yatupasa kufanya nini sisi wazazi wa Kamalondo? Kwanza tutapita katika historia ya mji wetu wenyewe, kisha tutatazama historia ya wale waliojifunza kuona kidonda hiki, na mwisho tutasema juu ya dawa yake.

Mji wetu na watoto wake

Mji wetu ulianza mwaka 1910, kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Kamalondo, ambayo zamani iliitwa Albert, ni mtaa wa zamani kuliko mitaa yote iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi. Kati ya mtaa huo na mji wa Wazungu serikali iliacha uwanja mtupu, ili watu wasikae karibu. Wazee wetu walitoka pande nyingi: Rhodesia ya Kaskazini, Luapula, Lomami, Kasai. Tangu mwaka 1928, reli ilipounganisha Bukama na Port-Francqui, wengi walikuja kwa gari la moshi, mume mbele na mke nyuma, mtoto mgongoni.

Katika miaka ile ile kampuni la shaba, Union Minière, lilianza kutaka wafanya kazi wake wakae na wake zao kambini. Likajenga nyumba za kuzalia, na akina mama wakaitwa kila mara kupeleka watoto wao wapimwe uzito. Kazi hiyo iliokoa watoto wengi, wala hatuwezi kuidharau. Lakini angalieni: mzani ule ulipima nyama ya mwili tu. Mtoto aliyeongezeka gramu aliandikwa kuwa mzima. Hapakuwa na daftari ya kuandika kwamba mtoto haangalii tena uso wa mama yake, au kwamba anashtuka kila mlango unapogonga.

Na sababu za kushtuka hazikukosekana. Desemba 1941 wafanya kazi wa shaba waligoma wakidai mshahara, wakakusanyika katika uwanja wa mpira mjini. Tarehe 9 askari wakapiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Kila mtu aliyeanguka pale alikuwa na nyumba, na katika nyumba nyingi kulikuwa na watoto. Historia imebishana juu ya hesabu ya waliokufa. Watoto waliobaki wakingoja mlangoni hakuna aliyewahesabu.

Kisha ikaja miaka ya Katanga kujitenga, tangu tarehe 11 Julai 1960 hata Januari 1963. Mwishoni mwa Agosti 1961 Baluba wengi wa mjini, wakiogopa kukamatwa na kuuawa, waliacha nyumba zao wakakimbilia karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Katika muda wa majuma machache kambi ile ikawa na watu zaidi ya 30,000, wakilala chini ya matawi, maturubai na makaratasi. Mwezi wa Septemba, na tena Desemba, vita vikapiganwa mjini. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ile alisikia mizinga kabla ya kujua jina lake. Mwaka 1962 wengi walisafirishwa kwenda Kasai na Katanga ya Kaskazini.

Miaka thelathini baadaye mambo yakarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na mahali pengine katika Katanga. Hesabu yao ilikuwa mamia ya maelfu. Walikaa katika stesheni, juma baada ya juma, wakingoja gari la moshi, na watoto wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Reli iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowachukua wajukuu. Na tarehe 23 Machi 2013 watu wenye silaha walioitwa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi yenyewe; risasi zikasikika mjini mchana kweupe, na watu wakafa.

Hatuyataji mambo haya ili kuamsha chuki kati ya kabila na kabila. Twayataja kwa sababu moja tu. Katika kila moja ya siku hizo kulikuwa na watoto wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, wa miaka mitatu. Wao hawakujua Katanga wala Kasai. Walijua mkono uliowabeba, na waliona mkono huo ukitetemeka.

Walivyoanza kuona

Sasa tutazame jinsi watu walivyoanza kufahamu. Tusidhani ya kuwa elimu hii ni ya zamani sana. Umri wake haujafika hata miaka mia.

Mwaka 1940 ndege za Wajerumani zilianza kuupiga mji wa London kwa mabomu usiku baada ya usiku. Serikali ilikuwa imewahamisha watoto wengi kwenda mashamba, mbali na wazazi, ili wasalimike. Mwanamke mmoja, Anna Freud, pamoja na rafiki yake Dorothy Burlingham, walifungua nyumba za kulelea watoto mtaa wa Hampstead. Waliandika kila siku walichokiona, nao walistaajabu. Watoto wadogo waliokuwa pamoja na mama mtulivu wakati wa mabomu mara nyingi hawakuumia sana moyoni. Lakini wengi wa wale waliotengwa na mama zao, ingawa walikaa mahali pa salama, walikauka kwa huzuni: wengine walijikojolea tena, wengine waliacha kusema. Kumbe kwa mtoto mdogo, kumpoteza mama kulikuwa kutisha kuliko bomu.

Mwaka 1945 daktari René Spitz alitoa habari za watoto wachanga katika nyumba mbili. Moja ilikuwa nyumba ya watoto walioachwa: safi, yenye chakula na waganga, lakini mlezi mmoja alikuwa na watoto wengi mno, hata hakupata nafasi ya kuwashika. Nyingine ilikuwa ndani ya gereza la wanawake, ambamo kila mama mfungwa alimlea mtoto wake mwenyewe. Tungetazamia watoto wa gerezani kuwa katika hali mbaya zaidi. Haikuwa hivyo. Watoto wa gerezani walikua vizuri. Na katika nyumba ile safi, zaidi ya theluthi moja ya watoto walikufa katika muda wa miaka miwili. Hawakukosa maziwa. Walikosa mtu.

Mwaka 1951 Mwingereza John Bowlby aliandika taarifa kwa Shirika la Afya la Ulimwengu, akisema kwamba mtoto mdogo anahitaji upendo wa mama, au wa mtu wa kudumu aliye badala ya mama, kama vile mwili unavyohitaji chakula. Mwaka uliofuata mwenzake James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili na nusu aliyelazwa hospitali siku nane, na wazazi wakiruhusiwa kumwona kwa muda mfupi tu. Waganga wengi walikasirika kwa kuonyeshwa jambo lile. Lakini filamu ilifanya kazi yake, na polepole hospitali za Ulaya zikawafungulia wazazi mlango. Hapa na tutabasamu kidogo: kwetu, mama kulala chini kando ya kitanda cha mtoto wake mgonjwa ni desturi ambayo hakuna filamu iliyotufundisha.

Wala elimu hii haikutoka Ulaya peke yake. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda, akazunguka vijiji vya karibu na Kampala, akiketi na akina mama 26 na watoto wao 28. Aliona jambo ambalo nyanya zetu wanalijua bila kuliandika. Mtoto mwenye mama anayemtegemea hutambaa mbali, hugeuka kumtazama mama, huendelea mbele. Akitishwa na kitu, hurudi mbio mapajani. Mama ni kama nyumba: mtu mwenye nyumba ndiye anayeweza kutembea mbali bila hofu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na hata leo wanaofundishwa elimu ya watoto duniani kote husoma mambo yaliyoonekana kwanza katika vijiji vya Buganda.

Hata hivyo ilichukua muda mrefu kabla ya waganga kukubali kwamba mtoto mchanga anaweza kupata ugonjwa ule ule wa askari waliotoka vitani. Ugonjwa huo, unaotokana na jeraha la moyo ambalo wataalamu huliita trauma, uliandikwa rasmi katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani mwaka 1980. Lakini dalili zilizoandikwa zilikuwa za watu wazima, wanaoweza kusema: "Naota vita." Mtoto asiyejua kusema angewezaje kueleza ndoto yake? Mwaka 2013 tu ndipo kitabu hicho kilipoweka kipimo cha pekee kwa watoto wa miaka 6 na chini yake.

Watoto wa Katende

Kuna habari moja ya nchi yetu ambayo hatuwezi kuiruka, ingawa inatuuma sisi wa Kanisa. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika waliondolewa kwa mama zao kwa amri ya serikali, wakapelekwa katika nyumba za misioni. Wengi walikuwa wadogo kabisa. Huko Katende, katika Kasai, wasichana watano kati ya hao walilelewa na masista: Léa Tavares Mujinga, Monique Bintu Bingi, Simone Ngalula, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi. Wote walichukuliwa kabla ya kufikia umri wa miaka 7. Baada ya Uhuru wa 1960, wakati wa fujo, walezi wao waliondoka na watoto wakaachwa bila ulinzi.

Wanawake hawa walipokuwa wamekwisha kuwa bibi wazee walikwenda mbele ya mahakama ya Brussels. Mwaka 2021 walishindwa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani iliamua kwamba kuwateka watoto hawa kulikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, ikaamuru dola la Ubelgiji kuwalipa. Kabla ya hapo, mwaka 2017, maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa sehemu ya Kanisa katika jambo hili, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa jina la dola.

Tutafakari. Watu wa zamani zile walisema juu ya watoto hawa: "Watapata shule, watapata chakula, watasahau." Miaka zaidi ya sabini imepita, nao hawakusahau. Hilo latosha kuwa jibu kwa neno tuliloanza nalo.

Dalili zake, na kosa letu

Je, tutamjuaje mtoto mwenye kidonda hiki? Mtoto mchanga hana maneno. Mwili wake ndio unaosema. Hukataa ziwa, hulala vibaya, hulia bila kunyamazishwa, au kinyume chake: hunyamaza mno, hukaza macho, hachezi na uso wa mtu. Sauti ndogo humshtua. Mtoto wa miaka miwili au mitatu humshika mama nguo wala hamwachi aende hata uani. Hupoteza aliyokwisha kujifunza: aliyesema huacha kusema, aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena. Huamka usiku akipiga kelele. Huwa mkali, hupiga na kuuma wenzake. Na mara nyingi hurudia mchezo mmoja usio na furaha. Tutoe mfano: mtoto aliyeona nyumba ikiteketea hujenga vijumba vya mchanga na kuvibomoa, asubuhi hata jioni, bila kucheka. Huyo hachezi tu, anasimulia.

Sababu yake ni hii. Mungu ameweka mwilini mwa kila mtu kengele ya hatari. Ikilia, moyo hupiga mbio, damu hupanda, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Mtu mzima hujua baadaye kujiambia: "Hatari imekwisha." Mtoto mchanga hawezi kuizima kengele hiyo peke yake, huizima kwa kifua cha mama, kwa sauti yake, kwa harufu yake. Kengele ikilia siku nyingi bila mtu wa kuizima, mwili hujifunza kukaa katika hatari daima. Kwa hiyo hata kama mtoto hakumbuki habari, mwili wake unaikumbuka hofu.

Sasa tuseme wazi jambo la aibu. Hapa Lubumbashi, kama Kinshasa na miji mingine, mtoto anayekojoa kitandani, anayepiga kelele usiku, anayekaza macho au kuwa mkali mara nyingine huitwa mchawi. Akiwa yatima, analelewa na shangazi au mama wa kambo, na nyumba ina njaa, basi lawama humwangukia upesi zaidi. Wako wahubiri wanaothibitisha lawama hiyo, wakamfungisha chakula na kumpiga ili pepo atoke. Mwisho wake mtoto hutupwa barabarani, naye huwa shege. Tazameni basi ubaya wake: dalili za kidonda ndizo zinazogeuzwa kuwa ushahidi wa kosa, na dawa anayopewa ni kidonda cha pili.

Sheria ya nchi yetu imekataa jambo hilo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaweka adhabu. Lakini sheria haiingii chumbani usiku mtoto anapopiga kelele. Anayeingia ni mzazi.

Dawa yake

Ndugu wasomaji, habari njema ni kwamba kidonda hiki hupona, hasa kikishughulikiwa mapema. Na sehemu kubwa ya dawa iko mikononi mwetu.

Dawa ya kwanza ni mtu mmoja wa kudumu. Mtoto aliyeumia asihamishwe nyumba hii leo na nyumba ile kesho, ikiwezekana kwa njia yo yote. Akiwa amefiwa na mama, jamaa wakae, wachague mlezi mmoja, na huyo abaki.

Dawa ya pili ni mwili wa mlezi. Mtoto abebwe, ashikwe, afungwe kwa kitenge mgongoni. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, waganga walianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo imeenea duniani. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba kubeba mtoto ni ushamba.

Dawa ya tatu ni taratibu ya kila siku: saa ile ile ya bukari, saa ile ile ya kuoga, wimbo ule ule wa kulala. Jambo linalorudi kila siku humwambia mtoto kwamba dunia haijavunjika.

Dawa ya nne ni ukweli wa maneno machache. Usimwambie mtoto, "Baba amesafiri," hali baba amezikwa; atamngoja kila jioni, kisha atakuwa haamini neno lako lo lote. Sema, "Baba amekufa. Hatarudi. Mimi niko hapa." Wala usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Mwache acheze, uketi karibu naye, na akikuonyesha kitu, mwambie, "Naam, ulitishika sana. Sasa uko pamoja nami."

Dawa ya tano tunaisahau siku zote: kumtunza mama mwenyewe. Mtoto huazima utulivu wa mlezi wake. Mlezi asiye na utulivu atamwazima nini? Katika miaka ya 1970 mwanamke Mmarekani, Selma Fraiberg, alionyesha kwamba mara nyingi mama hashindwi kumpenda mtoto, ila huzuni zake za zamani zimesimama kati yake na mtoto. Alianza kuwatibu mama na mtoto pamoja, tena nyumbani kwao. Alicia Lieberman na wenzake waliendeleza njia hiyo: mganga, mama na mtoto hukutana kila juma, mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja, wakicheza na kusema, mpaka mtoto amwone tena mama kuwa kimbilio. Vidonge si dawa ya kwanza kwa mtoto wa umri huo.

Mtoto akikaa zaidi ya mwezi mmoja katika dalili tulizotaja, au akikataa kula, au akizidi kufifia, apelekwe kwa waganga. Kwanza zahanati, ili ugonjwa wa mwili utafutwe. Malaria na kifafa navyo huleta kelele za usiku. Kisha, ikihitajiwa, kwa wanaojua magonjwa ya moyo na akili. Mabruda wa Upendo wamekuwa na hospitali ya kazi hiyo hapa Lubumbashi, yenye jina la Daktari Joseph Guislain. Na kwa watoto wa barabarani, Wasalesiani wana nyumba zenye jina la Mwenye Heri Isidori Bakanja.

Neno la mwisho

Mzee wetu hutuambia: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini uko uchungu wa mwana ambao hata mzazi hajaujua bado, kwa kuwa mwana hajapata neno la kuutaja. Kazi yetu ni kumtafutia neno hilo.

Basi msiba ukitokea tena mtaani kwetu, wale wanaopanga kilio, wanaotafuta jeneza, wanaopika chakula, wamchague mtu mmoja zaidi: wa kukaa na watoto wadogo. Si wa kuwafukuza uani, bali wa kukaa nao, kuwabeba, kuwajibu. Kila jumuiya yetu inaweza kufanya hivyo bila fedha. Na mtu akisema mbele yetu, "Atasahau," tumjibu kwa upole: "Hatasahau, ndugu. Tumsaidie kupona."